Sauti Iliyongoja Matanga Yaishe

Mimi ni mtu wa kuvizia Wi-Fi za watu, na sioni haya kusema hivyo. Kazi yangu ni ya karatasi, katika ofisi ndogo ya usafirishaji huko Manika, mtaa mmoja wa Kolwezi, Kongo. Lori la shaba likikwama mpakani kwa sababu ya muhuri uliofifia, bosi hamfokei dereva, ananifokea mimi, nami nashika simu na kwenda kutafuta mahali penye mtandao ili karatasi nyingine ipelekwe haraka. Ndiyo maana vibaraza vya hoteli za Kolwezi navijua kuliko watu wanaolala humo. Najua kiti gani kinapata mawimbi na kipi kinapata jua tu.

Kila mtandao wa namna hiyo una ukurasa wake wa kuingilia. Simu inakuonyesha kwamba umeunganishwa, alama imejaa, na bado hakuna kinachopita mpaka ukurasa ule ujitokeze. Unakuandikia Karibu kwa Kifaransa na kwa Kichina, kisha unaanza kukuhoji kama afisa wa uhamiaji: namba ya chumba, jina la ukoo, namba ya simu ili utumiwe namba ya siri kwa SMS. Mara nyingine ukurasa wenyewe unakataa kutokea. Hapo unazima mega zako, yaani data ya simu, unaifanya simu isahau ule mtandao na kuunganisha upya, au unaandika anwani ya tovuti yoyote ya zamani isiyo na alama ya kufuli, maana zile zenye kufuli hazikubali kusimamishwa njiani na ukurasa wa hoteli. Mambo haya sikufundishwa na mtu. Nimeyajua kwa kusubiri na kwa hasira.

Siku moja tu ujuzi huo ulihitajika kwa ajili ya nyumba yetu, na ndiyo siku ninayoiandika hapa. Tulitaka kusikia ujumbe wa sauti wa mdogo wangu, wa karibu nusu dakika, aliomtumia mama asubuhi ile aliyoshuka shimoni kwenye machimbo ya Mutoshi. Hakupanda tena akiwa hai.

Lazima kwanza nieleze ugomvi wake na mama, maana bila ugomvi ule ujumbe wenyewe ungekuwa salamu tu. Baba alifanya kazi katika kampuni ya zamani ya migodi, akatuachia nyumba ya matofali mtaani Dilala pamoja na kikohozi tulichokisikia kupitia ukutani mpaka alipokufa. Mama akaapa kwamba udongo ule hautamla mtu mwingine wa nyumba yake. Mdogo wangu alimaliza shule, akazunguka na diploma yake kwenye ofisi zinazoajiri watu wa migodi mpaka bahasha ikachakaa, kisha akafanya wanachofanya vijana wote wa huku: akanunua taa ya kichwa na kwenda Mutoshi kuchimba kobalti. Mama alimwambia asirudi nyumbani na vumbi lile. Alimaanisha, naye mdogo wangu hakusubiri kuambiwa mara ya pili.

Akawa analala kwenye vibanda vya turubai na vijana waliotoka Kasai na Kivu. Kila Jumapili alikuja kumsubiri mama nje ya kanisa, wakasalimiana kwa mkono kama watu wanaojuana mtaani, kila mmoja akashika njia yake. Mimi nilikuwa natembea katikati yao na maneno ya huyu na ya yule, kazi niliyoichukia kuliko hata ya ofisini. Wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, na walifanana hata namna ya kununa.

Wiki ile ya mwisho alinijia kazini, macho mekundu, akakaa kwenye benchi ya wateja. Alisema amechoka na mashimo. Alinituma nimuulize mama kama anaweza kurudi nyumbani. Nilimuuliza jioni hiyohiyo. Mama alikuwa anachekecha unga wa mahindi, hakuinua kichwa, akasema atafikiri. Sasa, mama akisema atafikiri, huwa amekwisha kukubali na anatafuta tu namna ya kulisema bila kuonekana ameshindwa. Mdogo wangu alilijua hilo kama mimi. Angalau nilidhani analijua.

Asubuhi yenyewe mama alikuwa sokoni Manika, kwenye meza yake ya samaki wakavu. Simu ikatetemeka, jina la mwanawe likatokea, na chini yake alama ya kipaza sauti na mshale mdogo wa kupakulia. Aligusa mshale, hakusikia kitu. Mega zake zilikuwa zimeishia hapohapo. Alijiambia atanunua nyingine akitoka sokoni, kwa kuwa wateja walikuwa wamejaa na yeye bado alikuwa anajifanya ana hasira. Kabla hajafunga meza, shimo lilikuwa limeanguka.

Wachimbaji wenzake walimtoa mdogo wangu kesho yake. Simu yake haikutoka, iko chini mpaka leo. Kwa hiyo sauti ile ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, ndani ya simu ya mama. Hivyo ndivyo tulivyoamini sote, na mimi mwenyewe nikiwemo, mjuzi wa Wi-Fi.

Siku ya kwanza ya kilio nilitaka kwenda kununua mega tusikilize. Aliyenizuia ni mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa amefika kutoka Kamina akiwa na miguu iliyovimba kwa safari. Kwetu vitu vya marehemu havishikwishikwi. Nguo, godoro, viatu, kila kitu kinafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa kando mpaka siku ya kuondoa matanga, ndipo furushi linafunguliwa mbele ya ukoo na kila mtu anajua nani amepata nini. Mama mkubwa aliitazama ile simu kwa muda, akaamua.

«Sauti yake ni kitu yake,» alisema. «Bitu ya mufu hatufungule mbele ya kumaliza matanga. Siku ile, batu ya jamaa bakiwa hapa, tutaisikia bote pamoja.»

Alizima simu, akatoa betri, akavizungushia shati la mdogo wangu la Jumapili na kuvitia kwenye furushi. Kwa mtu wa mbali jambo hili linaweza kuonekana la kijinga. Mimi sikuliona hivyo, na hata leo silioni hivyo. Desturi ile inawazuia watu kugombea suruali ya mtu ambaye kaburi lake halijakauka. Na mama aliikubali haraka kuliko sisi wote. Nadhani aliogopa. Wiki zile zote, tukiwa tumekaa chini kwenye mikeka, alikuwa ananigeukia katikati ya mazungumzo mengine na kuniuliza mdogo wangu alikuwa anaomba nini. Nilimwambia labda alikuwa anasalimia tu. Alijibu kwamba mtoto yule hakuwa mtu wa kupoteza mega kwa salamu, na kwamba kama aliomba kurudi, basi alishuka shimoni bila jibu.

Siku ya kuondoa matanga ikafika. Tulisali, tukala bukari, ndio ugali wetu, na samaki, furushi likafunguliwa. Mashati yalipata watu. Buti zake hazikupata mtu, zilikuwa bado na ule udongo wa kijani kwenye nyayo, zikarudishwa pembeni. Kisha ikaja zamu ya simu, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba Kolwezi nzima haikuwa na intaneti tangu jana yake. Kebo ilikuwa imekatwa mahali fulani barabarani. Wengine walisema ni trekta la wajenzi, wengine walisema ni watu waliokuwa wanachimba kutafuta madini chini ya lami, na kwa mji wetu sikuona sababu ya kukataa hata moja. Kupiga simu kuliwezekana kwa shida. Mega zilikuwa hazina kazi.

Mama mkubwa alikuwa anasafiri alfajiri ya kesho yake. Aliyefunga shati lile ni yeye, na mama alikataa kusikiliza bila yeye. Nikasema ipo hoteli moja Manika ambayo mtandao wake unapitia kwenye sahani ya setilaiti iliyo juu ya paa, hautegemei kebo. Tukapanda pikipiki za taksi-moto, mimi kwenye moja, wao wawili kwenye nyingine, tumevaa vitenge vya matanga, mama amekumbatia lile shati lenye simu ndani. Mlinzi wa getini alitutazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili za mama mkubwa, akauliza tunamtafuta nani. Nilimwambia tumekuja kunywa sukre. Alitupisha kwa shingo upande.

Tuliagiza soda, tukakaa kwenye meza ya kile kiti ninachokijua, karibu na dirisha la ofisi. Nilirudisha betri, nikaiwasha. Mama aliweka mikono mapajani na kutazama kioo kile bila kupepesa. Wi-Fi ikaonekana, nikaigusa, simu ikasema imeunganishwa. Ukurasa wa kuingilia haukuja.

Nilifanya yote niliyoyaeleza. Niliisahaulisha simu, nikaunganisha upya. Niliandika anwani ya tovuti isiyo na kufuli, ikanizungushia duara na kunitupa kwenye onyo la Kifaransa kwamba muunganisho si salama. Nilijaribu tena, onyo lilelile. Mama mkubwa aliuliza kwa sauti ya chini kama ninaijua kweli kazi hii. Nilimjibu vibaya kidogo, na hakustahili.

Ndipo nikaona tarehe juu ya kioo. Simu iliyotolewa betri kwa muda mrefu ilikuwa imepoteza siku, ikarudi kwenye mwaka wake wa kiwandani, na kwa kuwa mitambo ya simu haikuwa ikifanya kazi vizuri hakuna kilichoirekebisha. Kurasa za siku hizi zinakagua tarehe. Simu ikiwa nyuma kwa miaka, zinaiona kama mtu mwenye kitambulisho cha uongo. Kwa tarehe ile mdogo wangu alikuwa bado kidato cha chini, anakwenda shule na soksi zilizoraruka kisigino, na mama anamfokea kwa sababu ya soksi. Niliirekebisha kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, nikiminya kitufe cha tarehe mpaka nikafika leo. Sikupenda kufika.

Ukurasa ukajitokeza. Picha ya bwawa la kuogelea, Karibu kwa lugha mbili, na sehemu ya kuandika namba ya simu ili utumiwe namba ya siri. Niliandika ya mama. Tukasubiri SMS. Haikuja, na isingekuja, maana ilipaswa kupitia mitambo ileile iliyokuwa migonjwa. Yaani wanakutaka uwe na mtandao ili wakupe mtandao. Nilicheka, kicheko kibaya, mama akanishika goti ninyamaze.

Nilikwenda kaunta. Kijana wa mapokezi alinieleza kwa adabu kwamba vikaratasi vyenye namba ya siri ni vya wageni wenye vyumba. Nilimwambia SMS haziingii. Alisema analijua hilo, wateja wamelalamika tangu asubuhi, lakini mkuu wake amekataza. Sikuwa na ubishi mwingine wa kiofisi, nikamwambia ukweli: yule mama pale alifiwa na mtoto Mutoshi, na sauti yake ya mwisho imo kwenye ile simu, na yule mwingine anasafiri kesho. Kijana alimtazama mama kupitia dirishani. Kisha alifungua droo, akanipa kikaratasi, akaniambia nisimwambie mtu. Baadaye nilijua kwamba kaka yake alikuwa anachimba kulekule Mutoshi.

Niliandika ile namba. Ukurasa ukageuka kijani. Tuliingia.

Meseji za wiki zote zile zikaanza kumiminika, rambirambi, nyimbo za kanisa, picha za mishumaa, simu ikitetemeka juu ya meza mpaka soda zikacheza kwenye chupa. Mama mkubwa alianza kusali kwa Kiluba. Nilisubiri itulie, nikatafuta jina la mdogo wangu. Lilikuwa limeshuka chini sana, chini ya watu ambao hawakumjua. Nikafungua. Kipaza sauti kilikuwepo, mshale ulikuwepo. Nilimwita mama asogee, nikainua sauti ya simu mpaka mwisho, nikamwekea mwenyewe kidole chake juu ya mshale.

Duara likazunguka. Likasimama. Yakatokea maneno ya Kifaransa kwamba sauti hii haipatikani tena, mwombe mtumaji aitume upya.

Niligusa tena. Nilizima, nikawasha, nikaunganisha upya, ukurasa wa kuingilia ukaniruhusu mara moja kama mtu wa nyumbani, na maneno yakawa yaleyale. Yule kijana alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu. Aliinama akasoma, kisha akaninong'oneza sikioni. Alisema kilichofika kwenye simu siku ile kilikuwa alama tu. Sauti yenyewe ilibaki kwenye mashine za kampuni, huko ng'ambo, ikisubiri kuchukuliwa. «Bale hawachunge sana,» alisema. «Banaweka kidogo, kisha banafuta.»

Nilitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kumpiga. Wiki za mwanzo intaneti ilikuwepo, mega zilikuwepo, majirani walikuwa tayari kunichangia. Sauti ile ilikuwa hai wakati tunaichunga, na ilifutwa tukiwa tumekaa mikekani tunaichunga bado. Watu wa mashine zile hawakutujua na hawakutukosea kwa makusudi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hata wa kumlaani sina. Mama mkubwa alilichukua shati lililokuwa mezani, akaanza kulikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Mama hasomi Kifaransa. Alikuwa bado amesogeza sikio, anasubiri.

«Banaandika nini?» aliniuliza.

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema mtandao umekufa, tutajaribu siku nyingine, na angesubiri siku nyingine hiyo maisha yake yote. Nilimtazama, nikaona hapana.

«Sauti imefutwa, mama. Banasema tumuombe mwenye alituma, atume tena.»

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei na kuona haina nafasi ya kushushwa. Nilidhani atalia, na nilitaka alie, ili na mimi nilie. Badala yake aliivuta simu karibu na kuniuliza ni wapi watu wanapobonyeza wakitaka kusema. Hajawahi kutuma sauti, yeye hupiga tu. Nilimwonyesha. Alibonyeza kwa kidole gumba, akasogeza mdomo karibu sana na kioo, na akasema kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, ile ya kuita mtu aje kula:

«Mutoto yangu, ni mi mama. Kama uliomba kurudia ku nyumba, rudia. Kama uliomba kitu ingine, ndiyo pia. Yote uliomba, ndiyo.»

Aliondoa kidole. Ujumbe ukaondoka, na chini yake kukatokea tiki moja ya kijivu. Ya pili hutokea ujumbe ukifika kwenye simu ya mwenyewe. Mama hayajui mambo ya tiki. Alikaa akiangalia mahali nilipokuwa naangalia mimi, kisha akaniuliza kama imefika.

Nilimwambia huku kwetu imetoka.